Faili la kibali cha ujenzi si takataka

Wengi wanaamini kibali cha ujenzi ni karatasi ya kumwonyesha mkaguzi, na paa likishapanda kazi yake imekwisha. Si kweli hata kidogo. Aliyenunua nyumba ya zamani akataka kuongeza ghorofa hauoni msingi, umefukiwa. Kinachomwambia msingi ulikwenda chini kiasi gani, na nguzo zilikusudiwa kubeba nini, ni ile ramani iliyogongwa muhuri, iliyomo kwenye faili la kibali. Ikiliwa na mchwa kwenye masjala, mhandisi hana budi kuchimba pembeni ya ukuta na kutoboa zege apime upya.

Wapo pia wanaosema jengo lenye kibali ni salama. Faili linaeleza kilichoruhusiwa. Kilichojengwa ni habari nyingine. Tarehe 29 Machi 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Viongozi walieleza kwamba kibali kilikuwa cha ghorofa 10, ilhali jengo lilifika 16. Inaniuma kila nikifikiria: tofauti hiyo ingeonekana kwa mtu kusimama barabarani na ramani mkononi, akahesabu.

Kibali si hati miliki. Kinaruhusu kujenga; kiwanja ni cha nani, hilo limo kwenye faili la ardhi.

Dhana inayonikera zaidi ni kwamba kanuni za ujenzi za enzi za ukoloni ni mambo ya mafundi tu, hazina historia ndani yake. Wajerumani waliiwekea Dar es Salaam kanuni za ujenzi mwaka 1891, na zile za 1914 ziliugawa mji kanda tatu. Waingereza wakaurithi mgawanyo huo. Maandishi yalizungumzia aina ya nyumba: huku mawe na nafasi kubwa kati ya nyumba na nyumba, kule miti, udongo na makuti. Lakini nani aliweza kumudu nyumba ya mawe? Ndivyo zilivyopatikana Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, kwa kutaja vifaa vya kuta na paa.

Kama unajenga leo, omba nakala ya ramani yenye muhuri na uiweke pamoja na hati yako. Fundi akibadilisha kitu, badiliko hilo nalo lipelekwe likaidhinishwe, liingie kwenye faili.