Longonot juani: yanayosemwa langoni na ukweli wake

Mlima Longonot, karibu na Naivasha, una urefu wa mita 2,776 juu ya usawa wa bahari, na kutoka langoni hadi ukingo wa kasoko, lile shimo la volkano lililo juu ya mlima, ni kilomita 3.1 tu. Hizo 3.1 ndizo zinazowaponza watu. Ukiuzunguka ukingo wote unaongeza kilomita 7.2, kisha kuna zile 3.1 za kurudi: jumla 13.4, mwendo wa saa nne hadi tano, sehemu kubwa bila kivuli. Januari na Februari, kabla ya mvua za masika, vumbi na joto huzidi.

"Saa nne bado ni asubuhi."
Ukianza saa nne utafika ukingoni saa tano na nusu, na kuzunguka kutakuangukia kati ya saa sita na saa nane, jua likiwa utosini. Lango hufunguliwa saa 12 asubuhi. Anza kabla ya saa moja, na kufikia saa sita utakuwa umeshashuka.

"Chupa ya nusu lita inatosha."
Anayepanda kwenye jua kali anaweza kutoka jasho la nusu lita hadi lita nzima kwa saa, na huko juu hakuna kijito wala duka. Beba lita 3 kwa kila mtu ukikusudia kuzunguka, lita 2 ukiishia ukingoni. Zigawe katika chupa mbili za lita 1.5, ili hesabu iwe wazi: ukifika ukingoni na ya kwanza imekwisha, usizunguke. Tazama kasoko na msitu ulio ndani yake, pumzika, rudi. Tunasisitiza hili kwa sababu mzunguko hauna njia ya mkato. Ukiishiwa maji katikati ya zile kilomita 7.2, kurudi ulikotoka na kuendelea mbele ni umbali uleule.

"Basi kunywa kadiri uwezavyo."
Hili nalo ni hatari. Jasho hutoka na chumvi. Ukijaza tumbo maji matupu kupita kiasi, sodiamu katika damu hushuka. Kichwa huuma, kichefuchefu huja, vidole huvimba, mtu huchanganyikiwa. Wenzake hudhani amekaukiwa, wakamwongezea maji, wakamzidishia tatizo. Kunywa mafunda machache kila dakika 15 au 20, kiu ikuongoze, na ule kitu chenye chumvi: njugu, yai la kuchemsha, hata viazi vya kukaanga. Pakiti ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) katika mojawapo ya chupa husaidia sana, mradi ukoroge kwa kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti. Ukiikosa, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita moja ya maji safi, vijiko vikiwa sawa, visifurike. Chumvi ikizidi hapo inadhuru.

"Juu kuna baridi, jua haliunguzi."
Upepo wa ukingoni unapoza ngozi lakini hauzuii miale. Nguvu ya miale inayounguza huongezeka takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na Longonot iko karibu kabisa na Ikweta. Ngozi nyeusi ina kinga zaidi, ila nayo huungua: midomo, masikio na shingo kwa nyuma ndizo huanza. Kofia ya ukingo mpana na shati jepesi la mikono mirefu, lililolegea, ni bora kuliko singleti. Suruali ya jinzi iache nyumbani. Ikilowa jasho huwa nzito na huchubua mapaja.

"Ukishafika ukingoni, kazi imekwisha."
Ukingo si tambarare. Hupanda na kushuka, na kilele hakiko pale njia inapofikia. Kushuka nako kuna shida zake: udongo ni wa majivu ya volkano, laini na wenye changarawe, na mvua imeuchimba makorongo. Watu wengi huteleza wakirudi, miguu ikiwa imechoka. Kata kucha za miguu siku moja kabla, kaza kamba za viatu kwenye kifundo, piga hatua fupi na magoti yakiwa yamekunjwa kidogo.

"Akiwa bado anatoka jasho, joto halijamdhuru."
Kosa hili linaweza kuua. Aliyezidiwa na joto kwa sababu ya kutembea anaweza kulowa jasho chapachapa huku mwili wake umepita nyuzi 40. Usiangalie jasho, angalia akili: anajibu ovyo, anapepesuka, anagomba bila sababu, hajui yuko wapi. Hapo poza kwanza, kusafirisha kufuate. Mlaze kivulini, kichaka cha leleshwa huziba jua la kichwa na mabega tu, kwa hiyo watu wawili wamtandazie leso juu. Mvue nguo za nje na viatu, mmwagie maji mwili mzima, hasa shingoni, kwapani na kwenye kinena, na mumpepee mfululizo bila kukoma, kwa kuwa maji yanayokauka kwa upepo ndiyo yanayoondoa joto. Mwenzenu mmoja awapigie askari wa hifadhi. Namba yao ichukueni langoni kabla ya kupanda. Asiyejitambua msimpe kitu chochote mdomoni, mlazeni kwa ubavu. Panadoli haisaidii, kwa kuwa hii si homa ya ugonjwa.