ANA chanya: je, tayari nina lupasi?

Karatasi yangu imeandikwa ANA chanya. Ndiyo lupasi hiyo?

Si lazima. Lupasi ni ugonjwa ambao kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe. ANA ni kingamwili, yaani protini za damu za kupambana na maradhi, ambazo zinageukia viini vya seli za mwili wenyewe. Karibu kila mgonjwa wa lupasi anazo, lakini wapo wazima wa afya wanaoishi nazo bila kuugua. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 1997, watu wenye afya wapatao 13 kati ya 100 walikutwa chanya kwa kiwango cha 1:80. Malaria na kifua kikuu navyo vinaweza kuzileta, hata isoniazidi, dawa ya kifua kikuu. Inaniuma kuona mtu anakosa usingizi wiki nzima kwa neno moja la maabara.

Damu yangu inafanywa nini?

Inatolewa kidogo mkononi. Huhitaji kukaa na njaa. Ikishaganda, chupa inazungushwa kwa mashine mpaka seramu, yale maji ya manjano, ibaki juu. Seramu inazimuliwa, kisha inadondoshwa kwenye kioo chenye seli za binadamu zilizooteshwa maabara, ziitwazo HEp-2. Kingamwili zikiwepo, zinanata. Kioo kinaoshwa, kinawekwa rangi ing'aayo, na mtaalamu anakitazama kwa hadubini kwenye chumba chenye giza. Viini vinawaka kijani. Vingine vimejaa mwanga sawasawa, vingine vina madoadoa kama manyoya ya kanga, vingine vina nukta ndogondogo zinazohesabika. Hizi za mwisho humfanya daktari afikirie skleroderma, ugonjwa wa ngozi kukakamaa.

Na hiyo 1:80?

Ni kiasi seramu ilivyozimuliwa na mwanga bado ukaonekana. Kwa hiyo 1:640 inaonyesha kingamwili nyingi kuliko 1:80. Vigezo vya kimataifa vya mwaka 2019 vya kuainisha lupasi vinaanzia 1:80, ila hapo ni mlangoni tu. Bila dalili mwilini, namba hiyo peke yake haithibitishi ugonjwa.

Mbona nimeagizwa vipimo vingine?

Ili ijulikane ni kingamwili zipi hasa. Anti-Sm huwapata wagonjwa wachache, lakini ikionekana inaelekeza moja kwa moja kwenye lupasi. Anti-dsDNA nayo ni ya lupasi, na kwa wengi hupanda ugonjwa unapochachamaa, hivyo hurudiwa. ANA yenyewe haina haja ya kurudiwa kila kliniki. Uliza kabla ya kulipia tena.

Kuna nyingine iitwayo anti-Ro; naomba kila mwanamke mwenye lupasi anayetaka mtoto aiulizie mapema. Hupita kwenye kondo la nyuma na, kwa wajawazito wachache, huharibu njia ya umeme ya moyo wa mtoto tumboni, mapigo yakawa ya polepole. Ikijulikana, moyo wa mtoto unafuatiliwa kwa karibu.

Nisubiri majibu yote kwanza?

Kama mkojo unatoka na povu jingi, uso au miguu imevimba, usisubiri. Huenda ni figo. Nenda hospitali leo wapime mkojo na presha. Kipimo cha mkojo hutoa majibu siku hiyohiyo.