Lenzi za Zamani kwenye Kamera za Leo: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba ukipata adapta (pete ya kuunganisha lenzi na kamera ya mfumo mwingine) inayoingia mbele na nyuma, lenzi yoyote itafanya kazi kwenye kamera yoyote. Ukweli ni kwamba kinachoamua ni umbali ulio kati ya uso wa kifungio cha lenzi na kihisi cha kamera (sehemu inayopokea mwanga wa picha), ambao kila mfumo una wa kwake. Lenzi za M42, ambazo hufungwa kwa kuzungushwa kama skrubu na zilizotumiwa na kamera za Pentax na Praktica, huhitaji milimita 45.46, za mfumo wa Canon FD huhitaji 42, na za Nikon F, mfumo ulioanza mwaka 1959, huhitaji 46.5. Adapta ya kawaida huongeza umbali huo, kamwe haiupunguzi. Kwa hiyo lenzi ya M42 inapofungwa kwenye kamera ya Nikon F huwa imeshasogea mbele zaidi ya milimita moja hata kabla ya kuhesabu unene wa adapta yenyewe: uso wa mtu aliye karibu utaonekana wazi hadi kope, lakini vilima vilivyo nyuma yake vitabaki na ukungu hata pete ya kulengea izungushwe hadi mwisho wake. Zipo adapta zenye kioo cha kurekebisha kasoro hiyo, ila kioo hicho mara nyingi hupunguza uwazi wa picha tundu la lenzi linapokuwa wazi kabisa, na binafsi sizipendekezi. Kamera zisizo na kioo cha kuakisi ndizo zilizofungua mlango, kwa kuwa Sony E ina milimita 18 na Nikon Z 16 tu, hivyo nafasi ya kuweka adapta inabaki kubwa.

Wengine huamini kwamba adapta yoyote hushusha ubora wa picha. Adapta isiyo na kioo ni bomba tupu la chuma. Mwanga hupita katikati yake bila kuguswa. Lililo la kweli ni kwamba bomba hilo lazima liwe na kipimo sahihi. Nyuso zake mbili zisipolingana sawasawa, upande mmoja wa picha utakuwa wazi na wa pili utafifia, na lawama huangukia lenzi isiyo na kosa. Adapta nyingi, tena, hutengenezwa nyembamba kidogo kwa makusudi ili lenzi isikose kulenga vitu vya mbali sana, na ndiyo maana alama za umbali zilizochorwa kwenye lenzi huacha kuaminika.

Husemwa pia kuwa lenzi ya milimita 50 hugeuka kuwa ya 75 kwenye kamera yenye kihisi kidogo. Urefu wake wa fokasi, yaani hizo milimita 50, haubadiliki hata kidogo; kihisi hukata tu kingo za picha.

Kuhusu upimaji wa mwanga, wapo wanaoacha lenzi hizi kabatini wakidhani kwamba bila mawasiliano ya umeme kamera haitapima chochote. Kamera nyingi zisizo na kioo cha kuakisi hupima mwanga unaofika kwenye kihisi, mradi kwenye menyu uruhusu kupiga picha bila lenzi kutambuliwa. Kinachowasumbua wengi ni kipini kidogo kilicho nyuma ya lenzi za M42. Chukua Super-Takumar, lenzi ya Pentax, weka swichi yake kwenye A (tundu hujifunga lenyewe) na tundu kwenye f/16, yaani dogo, kisha ubonyeze kipini hicho kwa ncha ya kidole: utaona vibamba vya tundu vikijifunga papo hapo, na ukikiachia vitafunguka. Adapta isiyo na ukingo wa kukibonyeza itaiacha lenzi wazi daima, isipokuwa uhamishie swichi kwenye M (tundu hupangwa kwa mkono).

Mwisho, lenzi iliyogeuka njano si lazima iwe imeoza. Baadhi ya Super-Takumar 50mm f/1.4 zina vioo vyenye thoriamu, metali yenye mnururisho, ambavyo hupata rangi hiyo kadiri miaka inavyopita. Mwanga wa urujuanimno huiondoa kwa sehemu kubwa baada ya siku au wiki kadhaa, bila kufungua skrubu hata moja.