Nusa tundu kwanza, bunduki baadaye

Nimeulizwa tena, safari hii na rafiki yangu wa Arusha: "Mwalimu, mnawafundishaje watoto kutunza wanyama huku mnawapa bunduki?" Nimechoka kujibu kwa ujumbe wa sauti, basi naandika.

Nafundisha sayansi Nunavut, kaskazini mwa Kanada, kijiji cha kando ya Ghuba ya Hudson. Qaujimajatuqangit, maarifa ya Wainuit, wenyeji wa huku, si pambo la sherehe. Yamo ndani ya sheria ya wanyamapori ya 2003. Na bunduki huja mwishoni.

Kwanza mzee humwinamisha kijana juu ya aglu, tundu kwenye barafu ya bahari ambalo sili, mnyama wa majini, hupumulia. "Nusa." Likinuka kama petroli, ni la dume aliye katika msimu wa kupandana, nyama yake hailiki kwa raha; wanapita. Lisiponuka, kijana anakagua ukingo: kucha zimekwaruza leo, au barafu imeshaziba? Kisha anasimama kumngoja sili. Sili mmoja ana matundu kadhaa, na kishindo cha mguu kinasikika majini, kwa hiyo unaweza kusimama muda mrefu mno urudi mikono mitupu. Mzee haelezi kitu. Hiyo ndiyo pilimmaksarniq: tazama, jaribu, kosea, rudia. Mimi niliyezoea kuandika malengo ya somo ubaoni, ilinitesa.

Sili wa kwanza wa kijana hugawiwa watu, na kwa desturi mnyama hutiliwa mdomoni maji yasiyo na chumvi, maana ametoka baharini ana kiu.

Kinachoniudhi hasa ni neno "usimamizi wa wanyamapori". Nimelitumia mbele ya wazee, wakanitazama kama mtoto aliyesema anasimamia upepo. Kwao mtu husimamia mwenendo wake mwenyewe. Ukimchezea mnyama, au ukajigamba juu yake, hatakuja kwako tena. Ndiyo maana wengi hawapendi dubu mweupe apigwe sindano ya usingizi na kuvishwa kola ya kumfuatilia, jambo ambalo vitabu vyangu vya chuo vililitaja kama kupima joto la mgonjwa.

Wanaosema hizi ni ngano waende Alaska. Mwaka 1977 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi iliwapiga marufuku Wainupiat, ndugu wa Wainuit, kuwinda nyangumi wa barafuni, kwa kuamini wamebaki wachache mno. Wawindaji wakasema: mnahesabu wanaoonekana tu, wengine wanapita chini ya barafu. Vinasa sauti vilipozamishwa miaka ya 1980, wakasikika. Kufikia 2001 hesabu ilikuwa kama 10,000. Wengine walizaliwa hapo katikati, sawa, lakini kosa la kuhesabu lilikuwepo tangu mwanzo.

Sasa aibu yangu. Dubu weupe wa magharibi mwa Ghuba ya Hudson walikadiriwa na wanasayansi kuwa 842 mwaka 2016, na 618 mwaka 2021. Wawindaji wanasema wanaongezeka, maana wanawaona mlangoni. Huenda barafu inayowahi kuyeyuka inawasukuma ufukweni, na wanasayansi na wawindaji wote wanaona sawasawa. Huenda. Mwanafunzi aliniuliza nani mkweli, nikababaika hadi kengele ikalia. Nikampa daftari aandike kila dubu atakayemwona, na amwulize babu yake kama dubu huyo amenenepa.

Babu akalicheka daftari. Kisha akamwuliza mjukuu: huyo wa jana, alikuwa anatembea au anakimbia?