Saratani ya mfupa karibu na goti: mguu uokolewe au ukatwe?

Maswali haya yanahusu osteosakoma, saratani inayoanzia ndani ya mfupa wenyewe. Huwapata zaidi vijana wa miaka 10 hadi 20, wakati mifupa inarefuka kwa kasi, na mara nyingi hukaa mwisho wa chini wa mfupa wa paja au mwanzo wa muundi.

Si bora mguu ukatwe mara moja ili saratani isipande juu?

Saratani hii haipandi polepole kutoka goti hadi paja hadi tumbo. Husafiri kwenye damu na kutua mapafuni, na mara nyingi chembe zake zimeshafika huko, zikiwa ndogo mno kuonekana kwenye picha, siku ile mgonjwa anapoingia hospitali. Kabla ya miaka ya 1970 wagonjwa walikatwa mguu tu, na takriban 8 kati ya 10 walifariki hata hivyo, wengi kwa uvimbe wa mapafu. Terry Fox, kijana wa Kanada mwenye ugonjwa huu, alikatwa mguu wa kulia juu ya goti mwaka 1977. Mwaka 1980 alikimbia kwa mguu bandia kuchangisha fedha za utafiti wa saratani, na safari ikakatishwa na uvimbe mapafuni. Alifariki 1981.

Kilichogeuza hali ni dawa za saratani: sisplatini, doksorubisini na methotreksati. Mgonjwa ambaye picha hazionyeshi uvimbe mapafuni, akimaliza dawa na kufanyiwa upasuaji safi, ana nafasi ya takriban 6 hadi 7 kati ya 10 ya kuwa hai baada ya miaka 5.

Kwa hiyo aliyeokolewa mguu na aliyekatwa wana nafasi sawa ya kuishi?

Ndiyo, kwa sharti moja: uvimbe utoke mzima, ukiwa umezungukwa na nyama isiyo na ugonjwa pande zote. Mfupa hukatwa sentimita 2 hadi 3 kupita pale MRI (picha inayopigwa kwa sumaku) inapoonyesha uvimbe unaishia. Kisu kikiupasua uvimbe, chembe humwagika kidondani, na saratani kurudi palepale ni jambo la kutarajiwa. Hata upasuaji ukienda vizuri, kurudi huko hutokea mara nyingi kidogo kwa waliobakishiwa mguu kuliko waliokatwa. Kama usafi huo hauwezi kupatikana mguu ukibaki, ukatwe. Hapo hakuna cha kujadiliana.

Nani mguu wake hauwezi kuokolewa?

Aliyezungukwa na uvimbe kwenye mshipa mkubwa wa damu na neva kuu kwa pamoja. Mshipa unaweza kuungwa na mwingine, lakini neva ikitolewa hubaki mguu usio na hisia wala nguvu za kukanyaga, nao ni mzigo. Vilevile uvimbe uliopasuka ngozi na kuoza, wenye usaha, au ulioendelea kukua wakati wa dawa. Mfupa kuvunjika penye uvimbe zamani ulimaanisha kukatwa moja kwa moja. Siku hizi, ukifungwa hogo ukatulia na dawa zikifanya kazi, wengine huokolewa.

Wengi hupoteza nafasi hii kabla ya kumwona daktari wa upasuaji. Goti linavimba, linauma usiku, mtoto anasema aliumia mpirani, kisha zinafuata wiki za kuchuliwa na kuchanjwa chale. Kuchua hakuponyi uvimbe wa mfupa, na chale huacha vidonda vinavyoingiza vijidudu. Maumivu ya mfupa yanayomwamsha kijana usiku, au uvimbe usiopungua kwa wiki 3 hadi 4, yanahitaji eksirei.

Kuchukua kinyama cha kupima ni jambo dogo, sivyo?

Hapana. Hiki ni kipimo kidogo kinachoweza kugharimu mguu mzima. Njia yote sindano au kisu kilipopita huhesabiwa kuwa ina saratani, na lazima iondolewe pamoja na uvimbe siku ya upasuaji mkubwa. Kwa hiyo:

- MRI ya mfupa wote ifanyike kwanza, kwa sababu kinyama kikishachukuliwa, damu iliyovilia huvuruga picha.
- Mkato uwe wa kushuka na mguu, kamwe usiwe wa kukingama.
- Sindano isipite ndani ya goti wala karibu na mishipa mikubwa.
- Anayechukua awe daktari yuleyule atakayepasua, au aliyekubaliana naye mahali pa kuingilia.

Ukiona hospitali ya wilaya inataka kupasua “kuangalia ni nini”, omba rufaa kwanza. Kwa Tanzania, upasuaji wa mifupa wa kiwango hiki hufanyika MOI, taasisi ya mifupa iliyopo Muhimbili, na dawa za saratani hutolewa taasisi ya saratani ya Ocean Road.

Pengo la mfupa linajazwa na nini?

Mara nyingi ni chuma chenye goti lake, kinachoshikiliwa ndani ya mfupa uliobaki. Mgonjwa hukanyaga mapema, lakini chuma huchakaa. Kijana wa miaka 15 ategemee kurudi chumba cha upasuaji tena maishani, kwa sababu hulegea, huvunjika au huingiwa na vijidudu. Kwenye muundi hatari ya vijidudu ni kubwa zaidi kwa kuwa nyama ni haba. Daktari hugeuza nyama ya kigimbi kufunika chuma. Mbio na kuruka huachwa.

Njia nyingine ni mfupa wa mgonjwa mwenyewe, kwa mfano ule mwembamba wa pembeni mwa muundi. Huchukua miezi mingi kushika, lakini ukishashika hudumu.

Mtoto wa miaka 8 je?

Hapa urefu ndio shida. Mwisho wa chini wa paja hurefusha mguu karibu sentimita 1 kwa mwaka, na uvimbe hutoka pamoja na sehemu hiyo ya kukulia. Viko vyuma vinavyorefushwa, lakini ni ghali mno. Upo pia upasuaji ambao goti huondolewa, sehemu ya chini ya mguu huzungushwa nyuzi 180 na kuungwa na paja, kifundo kikafanya kazi ya goti ndani ya mguu bandia. Sura yake hushtua wazazi, waonyeshwe picha kabla. Lakini mtoto hukimbia, hacheleweshwi na chuma, na huhisi mguu ni wake.

Mguu upi unapona haraka, uliookolewa au uliokatwa?

Uliokatwa, kwa kawaida. Hili lina uzito kuliko linavyosikika: dawa huanza kama wiki 10 kabla ya upasuaji na kurudiwa wiki 2 hadi 3 baadaye. Kidonda cha chuma kikitunga usaha, dawa husimama, na kusimama huko ndiko kunakohatarisha maisha.

Aliyekatwa afanye nini wiki za kwanza?

Asiweke mto chini ya kigutu, hata kama unatuliza. Nyonga ikikauka imekunjwa, mguu bandia hautakaa sawa. Alale kifudifudi dakika 20 hadi 30, mara 2 au 3 kwa siku. Kigutu kifungwe bandeji ya mpira kwa mtindo wa nane, kikibanwa zaidi nchani, ili uvimbe ushuke. Maumivu ya mguu ambao haupo ni ya kweli, husababishwa na neva. Amitriptilini au gabapentini husaidia, na mazoezi ya kioo pia, ambapo mguu mzima huonekana kiooni kama ndio ule uliokatwa. Vipimo vya mguu bandia huanza kidonda kikishapona, mara nyingi wiki 6 hadi 8, ingawa dawa za saratani huweza kuchelewesha. Hospitali ya KCMC Moshi, palipo TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia, huitengeneza. Mtoto anayekua atahitaji mwingine kila baada ya muda mfupi, na mfupa wa kigutu chake unaweza kurefuka ukachoma ngozi, ukahitaji kupunguzwa.

Baada ya matibabu, nirudi lini?

Picha ya kifua na ya mguu kila miezi 3 kwa miaka 2 ya kwanza, kisha kila miezi 6 hadi miaka 5, kisha kila mwaka. Uvimbe mmoja au mawili mapafuni yakionekana mapema bado hutolewa kwa upasuaji, na baadhi ya wagonjwa hupona. Mwenye chuma, homa au joto na wekundu pale palipopasuliwa si la kusubiri kliniki; aende siku hiyohiyo, na asianze dawa za kuua vijidudu za dukani, kwa sababu zitaficha kijidudu kabla hakijapimwa.