Alama 50 badala ya sifuri: ni za bure kweli?
Shule ya umma nchini Marekani ikitangaza kwamba alama ya chini kabisa itakuwa 50 badala ya 0, kilio ni kilekile: watoto wanagawiwa alama za bure. Hesabu inasema vingine. Katika mizani iliyozoeleka huko, A huanzia 90, B 80, C 70, D 60. Kila daraja lina nafasi ya alama kumi hivi, isipokuwa F (kufeli), iliyojitwalia takriban sitini nzima. Mwanafunzi aliyepata 85 mara nne, kisha akakosa kuwasilisha kazi moja, huangukia wastani wa 68, yaani D. Hiyo D haielezi anachokijua. Akiwekewa 50, wastani ni 78, C. Adhabu ipo, na 50 yenyewe bado ni F.

Walimu wanaopinga nao wana hoja (wao ndio wanaosahihisha). Asiyefanya kazi nne, akapata 100 katika ya tano, hufikisha 60 na kufaulu! Mizani ya 0 hadi 4 (A ni 4, B 3, C 2, D 1, F 0) huziba mwanya huo: huyu hupata 0.8, chini ya D, na yule wa kwanza 2.4, C ileile.