Breki za upepo kwenye malori: upepo ukiisha hutokea nini?

Breki za upepo hutumia hewa iliyoshindiliwa kusimamisha lori, trela au basi kubwa. Injini huendesha kompresa, kompresa hujaza matanki yaliyo chini ya chasisi, na dereva akikanyaga pedali upepo hukimbia kwenye mabomba hadi magurudumuni, breki zikabana drami, yaani ngoma ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu.

Wengi hudhani upepo ukivuja wote lori litakimbia ovyo. Sivyo. Nyuma kuna springi nzito zinazotaka kubana breki muda wote, na upepo ndio unaozizuia. Upepo ukipungua sana, springi hujiachia na kufunga magurudumu. Wazo kwamba hewa ikitoroka chombo kisimame lilitoka kwenye treni, kwa mvumbuzi Mmarekani George Westinghouse, mwaka 1872.

Kwa kawaida geji husoma psi (kipimo cha mgandamizo wa upepo) 100 hadi 125. Ikishuka karibu na 60, taa au kengele huonya. Hapo dereva aegeshe mara moja mahali salama, kwa sababu springi hubana zenyewe kati ya 45 na 20, popote lori lilipo, hata katikati ya kona.

Basi mbona malori hukosa breki kwenye miteremko, kama ile ya Kapchorwa au ya Kanaba kuelekea Kisoro, nchini Uganda? Mara nyingi ni joto. Dereva akishikilia pedali mteremko mzima, drami huwaka na kutanuka, breki haziifikii tena vizuri. Geji inaonyesha upepo umejaa, lakini lori halishikiki, na springi nazo haziwezi kuokoa drami iliyokwisha kuungua. Ndiyo maana gia nzito huingizwa kabla ya kuanza kushuka. Kushuka kwa nyutro ili kubana dizeli ni kuhatarisha maisha ya watu.

Lipo jambo linaloniumiza zaidi. Lori likijifunga njiani, baadhi ya mafundi hukaza bolti ya kurudisha springi ndani, kisha mzigo unaendelea na safari. Bolti hiyo ni ya kuvutia gari bovu tu, tena baada ya kuweka choki (vizuizi) kwenye magurudumu. Kusafiri nayo ni kuondoa kinga ya mwisho ya abiria wa matatu inayokuja mbele.

Kila jioni, taniboi (msaidizi wa dereva) afungue koki za matanki maji yatoke. Yakitoka na mafuta mengi, kompresa imechoka.